Barua kwa mdogo wangu aliye Uingereza: baba hakuwa na meli

Mdogo wangu,

Nimekupigia hupokei, nimekuandikia hujibu. Basi hii naiweka hapa wazi, waisome hata wasiotuhusu. Wifi mpe salamu, yeye sina neno naye.

Najua umenuna tangu hitma ya baba. Umewaambia akina shangazi kwamba nimekuaibisha kwa wakwe zako kwa kusema marehemu alikuwa hamali. Uongo uko wapi hapo? Alitoka Micheweni, Pemba, kijana, hana hata viatu, akaja Unguja kubeba magunia bandarini Malindi. Magunia hayo ndiyo yaliyokulipia ada. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimkanda bega kwa mafuta ya nazi, ukaniuliza kwa nini limeota sugu kama kisigino.

Na haya hayakuanzia hitmani. Yalianzia Shangani, wiki ya harusi yako. Tumesimama na wageni mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, wanapiga picha, baba kajitenga kidogo na ile kanzu mpya uliyomletea. Ukaanza kuwasimulia wakwe zako: baba wa yule mwimbaji alikuwa mkubwa serikalini enzi za Mwingereza, na baba yetu naye alikuwa kwenye biashara ya meli. Ulisema kwa Kiingereza ukidhani hasikii. Mtu aliyebeba mabegi ya watalii miaka yote ile, toka botini hadi hotelini, asisikie Kiingereza? Aliiweka sawa kofia yake, akasema twendeni, jua kali.

Usiku nilipompelekea uji akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nilikuwa na meli ngapi?" Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, na mpaka leo siwezi.

Tena hata huyo mwenye makumbusho umemsemea sivyo. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu. Keshia, si jaji. Kwao ni Bulsar, siku hizi unaitwa Valsad, mji wa pwani ya Gujarat, kaskazini ya Mumbai, upande wenye sifa ya maembe. Jina la ukoo wao limetoka kwenye mji huo. Alikuja Unguja kutafuta riziki kama alivyokuja baba, ila yeye alivuka bahari kubwa zaidi na mkononi alikuwa na kalamu. Sikatai, masikini hawakuwa. Walikuwa na yaya, na mtoto wao Farrokh, ndiye huyo Freddie, aliyezaliwa hapa 5 Septemba 1946, alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane hivi. Lakini yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964 wakaondoka, wakaanza upya Feltham, London, kwenye nyumba ndogo karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Bomi alikuwa keshapita hamsini. Kuanza upya umri huo, nchi ya baridi, si mchezo, na wewe unayeishi huko unalijua hilo kunishinda.

Na hili labda hulijui: Farrokh kabla hajawa Freddie alipakia mizigo hapo hapo Heathrow. Mabegi ya watu! Mwaka 2018, siku yake ya kuzaliwa, wapakia mizigo wa uwanja ule walimchezea mbele ya abiria, wanajivunia kwamba alikuwa mwenzao. Hao ndio Waingereza unaowaogopa. Jina la Bulsara aliliacha, sawa, alikuwa mtu wa jukwaa. Baba yake alibaki nalo mpaka alipofariki mwaka 2003. Wewe jukwaa lako lipi?

Nakwambia kama dada yako: mambo ya kwenu waeleze wewe mwenyewe, mapema, wasije wakayasikia kwa mwengine. Utasema ningekuvuta pembeni kwanza. Ningekuvuta saa ngapi? Ulifika baba keshazikwa, ukashinda barazani na simu sikioni. Mimi ndiye niliyemuuguza. Hela za hospitali ulituma, hilo nalisema mbele za watu, hukuchelewesha hata mara moja. Na ulivyolia kaburini nilikuona, na moyo wangu ulikuwa na wewe.

Lakini mama mkwe wako ndiye aliyeniuliza. Tumekaa naye kwenye mkeka wa wanawake, kajifunga mtandio vizuri, anakula bokoboko kwa mkono kama sisi, akanigeukia kwa upole: meli za baba yenu zilikwenda wapi? Ulitaka nimjibu nini, zimezama? Msibani, na juzuu hazijakusanywa? Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki cha dukani kwamba meli zilikuwa za watu, yeye alibeba mizigo yao. Akanishika mkono. Mwenzako hakuona aibu, aliniuliza magunia yalikuwa ya nini. Nikamwambia karafuu, mchele, sukari, kila kitu.

Sasa wa kumnunia hapo ni mimi?

Lile la shamba la Micheweni tutazungumza wenyewe, si hapa. Ile picha ya baba na rikwama uliyoniambia niifute, siifuti. Mama mkwe wako aliiomba na nimeshamtumia. Ukitaka kunipigia, piga baada ya isha, mchana niko dukani.

Dada yako