Mchango wa vifaa vya kituo chetu cha afya, ajali za kichwa, wana Mtama mpo?

Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari zenu, mlioko nyumbani Mtama na mlioko Dar.

Msimu wa korosho uliopita kijana wetu wa bodaboda alianguka usiku na gunia, helmeti hana, tukamwinua akakaa akaongea vizuri tu, akasema kichwa kinamgonga anataka alale, tukamwacha alale. Shuka nilimfunika mimi mwenyewe. Asubuhi haamki. Kumbe damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu taratibu inakandamiza ubongo, na ule usingizi ndo ilikuwa dalili yenyewe. Yupo hai alhamdulillah, ila mkono wa kulia hausogei na mama yake ndo anamlisha.

Tangu siku ile nimemsumbua sana daktari wa kituo anieleweshe, na amenieleza kwa uvumilivu Mungu ambariki. Anasema ubongo ulioumia ukikosa oksijeni au presha ikishuka unaumia mara ya pili, na hayo ya mara ya pili ndo yanazuilika. Kuna utafiti ulifanyika Bolivia na Ecuador, wagonjwa 324 walioumia vibaya, majibu yakatoka 2012, wengine waliwekewa kipimo cha gharama ndani ya fuvu cha kupima ubongo unavyokandamizwa, wengine wakafuatiliwa kwa karibu na kupigwa picha za CT (zinaonyesha ndani ya kichwa), na wale wa kipimo hawakupona vizuri kuliko wenzao. Yaani kumwangalia mgonjwa kwa makini ni tiba jamani! Mwingine wa 2019, watu zaidi ya 12,000 nchi 29, dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja inaitwa traneksamiki asidi, ikitolewa ndani ya masaa matatu ilipunguza vifo kwa wale ambao hawajaumia vibaya sana. Masaa matatu, na Dar ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa.

Kwa hiyo tunachangia vya hapahapa kituoni: mashine ya oksijeni, vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, kola za shingo, ubao wa kumbebea mgonjwa, akiba ya hiyo dawa (itakaa kwa daktari, ataamua yeye) na mafuta ya gari ya usiku. Pia daktari atawafundisha vijana wa vijiwe vyote, mtu kaumia kichwa hapakizwi mshikaki, hanyweshwi maji, na haachwi alale bila mtu wa kumwamsha na kumwangalia, anafungua macho? anajibu ya kueleweka? ukimwambia inua mkono anainua? Hayo matatu madaktari wa Glasgow, kule Scotland, waliyapangia alama mwaka 1974 na mpaka leo hospitalini wanayatumia, hayahitaji umeme wala hela.

Lengo ni milioni 7. Elfu mbili inapokelewa, kilo tano za korosho zinapokelewa. Wa kwanza kuandikwa kwenye daftari ni mama wa yule kijana, ametoa elfu kumi.

Tunakutana Jumapili ijayo uwanja wa shule ya msingi, baada ya alasiri. Mlioko mbali tumeni kwa mweka hazina, ni yule yule wa mchango wa kisima, na kila hela atasoma mbele ya watu.