Katuni ya mwaka 1904 haivai saa ya mkononi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba sisi wachora katuni za enzi zilizopita tunajitesa bure, kwa kuwa hakuna anayechunguza kifungo cha koti. Wapo wanaochunguza. Mmoja amenikosesha usingizi.

Ninachora kwa mkono, kwa nibu na wino, katuni ya fremu nne. Hadithi yangu inatokea ndani ya meli ya mvuke mwaka 1904, na shujaa ni kijana wa chumba cha simu ya upepo, ile ya kutuma ujumbe bila waya. Katika sehemu ya tisa dhoruba inachacha, kijana anashika kitufe cha Morse na kutuma SOS, wito wa meli iliyo hatarini: nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu. Nilijiona nimeweza. Kisha mzee mmoja akaniandikia: SOS ilipitishwa kwenye mkutano wa Berlin mwaka 1906 na kuanza kutumika kimataifa mwaka 1908. Mwaka 1904 watu wa Marconi, kampuni ya simu ya upepo, walituma wito wa CQD.

Utasema, basi futa herufi tatu uandike nyingine. Hesabu kwanza. SOS kwa Morse ni alama 9, CQD ni 11. Zile mbili za ziada hazikuingia kwenye kiputo cha maneno. Nikapanua kiputo, kikamla nahodha kofia. Nikamshusha nahodha, kiwiko kikatoka nje ya fremu. Na wino ukishakauka hausikii raba, kwa hiyo nikakata karatasi, nikaibandika juu ya fremu nzima, nikaanza upya. Saa nane usiku, nikiweka vivuli, nikaiona: nahodha amevaa saa mkononi! Wanaume wa wakati ule walitembea na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Ya mkononi ilionekana pambo la wanawake, mpaka askari wa Vita Kuu ya Kwanza walipoizoea. Wala sikukusudia kuichora. Mkono ulijiendea.

Hapo ndipo msomaji wenu anapokosea. Meli yenyewe haikunishinda, niliikodolea macho kwenye picha za zamani wiki kadhaa. Kilichoniponza ni vile vitu ambavyo kwangu ni kama hewa. Kalamu ya bolpeni iliyochungulia mfukoni mwa karani, kwa mfano, ilhali hataza ya László Bíró ni ya mwaka 1938. Hata maneno ni mtego: baharia wangu alishawahi kujibu "poa", nikamzibia mdomo kwa rangi nyeupe.

Nawe Mhariri una lako. Kazi hii huchorwa ukubwa mara mbili ya inavyochapwa, ili ikipunguzwa mistari ikae vizuri. Kuna gazeti, si lenu, liliwahi kuifinya yangu mpaka mnyororo wa saa ya nahodha ukageuka doa la wino. Mnyororo niliouhangaikia usiku kucha! Mkichapisha katuni za namna hii, zipeni upana wa ukurasa.

Mzee wa CQD siku hizi namtumia fremu zikiwa bado za penseli. Juzi amenirudishia ya pili. Amezungushia duara koti la fundi wa injini na kuandika pembeni neno moja: zipu.

Wenu,
Mchora katuni