Harambee ya binti yetu wa mwaloni: tumsomeshe huduma ya dharura

Mwangaluka wana Kayenze, mlioko nyumbani na mlioko mbali. Wazee wetu, shikamooni.

Masika ya mwaka jana mtumbwi wa dagaa ulipinduka usiku, karibu kabisa na mwalo. Watatu walitoka wenyewe. Wa nne alivutwa na wenzake hadi nchi kavu, na sisi tuliokuwepo tukafanya tulichokijua: tukamning'iniza kichwa chini, tukamminya tumbo maji yatoke, kisha tukampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kumkimbiza kwa daktari. Alifia njiani. Baadaye sana ndipo mhudumu mmoja wa afya alipotueleza kwamba aliyezama anahitaji hewa kwanza. Apuliziwe pumzi mdomoni palepale mchangani, kifua kikandamizwe kwa kasi, maji ya tumboni yaachwe kama yalivyo. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu huanza kufa. Sisi dakika hizo tulizimalizia kutafuta pikipiki yenye mafuta.

Watu wa ziwa tunajua nani hufika kwanza. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na ndege ilipoanguka majini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia na mitumbwi yao. Pale Bukoba walitoka hai watu 24 kati ya 43. Moyo wa kuokoa tunao. Tunakosa mtu wa kutuambia la kufanya mtu akishalazwa mchangani.

Mtu huyo tumempata humu humu. Ni binti wa mvuvi, mwanakwaya wetu, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi, na amepata nafasi ya shahada ya huduma ya dharura, yaani kumtibu mgonjwa palepale alipo na njiani kabla hajafika hospitali, katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini. Ni miaka minne.

Tunajua swali linalofuata, maana limeulizwa kila kikao: miaka minne ya kupanda ambulensi? Ambulensi ina dereva wake. Anayesomea kazi hii hujifunza mwili na dawa, kuingiza mrija kwenye njia ya hewa, kusoma mchoro wa umeme wa moyo, kuzuia damu, kuzalisha mama ndani ya gari linalokwenda, na kuamua peke yake wakati daktari yuko mbali. Uingereza, tangu Septemba 2021, kiwango cha kuingilia kazi hii ni shahada. Na Afrika Kusini wameongeza jambo linalotufaa sisi hasa: shahada yao hufundisha pia uokoaji, wa majini, wa kwenye majabali kwa kamba, wa kwenye magari yaliyobondeka. Hata waombaji hupimwa kukimbia na kuogelea. Kwa kuogelea hatuna wasiwasi naye; wasiwasi wetu ni wavuvi wetu wenyewe ambao wengi, tuseme ukweli, hawajui.

Wengine wamesema asome uuguzi hapo chuo cha Bugando, Mwanza, karibu na nyumbani. Uuguzi ni kazi njema na tunao vijana wanaousoma. Lakini muuguzi humpokea mgonjwa aliyefika, na sisi tunazika wasiofika. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, ipo na haina malipo, tunashukuru. Mvuvi aliyekatwa na panga la injini, au mtoto aliyetumbukia ziwani, wao bado wanategemea bodaboda.

Ameandikiana na kamati kwamba kila likizo atafundisha mwaloni bure, na akimaliza atarudi kufanya kazi Kanda ya Ziwa. (Mzee mmoja aliuliza, je, akiolewa huko? Binti akajibu kuwa mume atahamia Kayenze. Kikao kikafungwa kwa vicheko.)

Mwaka wa kwanza, ukijumlisha ada, malazi, bima ya afya, viza na nauli, tumepiga hesabu ya shilingi milioni 22. Tunazo milioni 9 na laki 4: familia imeuza ng'ombe watatu, waendesha bodaboda wametoa laki 4, mama zetu wa kuanika dagaa milioni moja, zilizobaki ni za jumuiya ndogondogo. Pungufu ni milioni 12 na laki 6, na masomo yanaanza Februari. Miaka mitatu inayofuata tutaibeba kwa mchango wa kila mwezi, ambao kaya 60 zimeshajiandikisha.

Harambee ni Jumapili baada ya misa ya pili, chini ya mwembe wa kanisa. Tumeipanga wakati wa mbalamwezi makusudi, ili watu wa karabai, wanaovua dagaa kwa taa usiku wa giza, wawe nchi kavu na pesa ya giza iwe bado mfukoni. Kutakuwa na mnada wa majogoo, mayai na mihogo, na sangara mmoja mkubwa ambaye aliyemtoa hataki tumtaje jina. Hatukualika mgeni rasmi. Soda na viti vyake vingekula mchango.

Uliyeko mbali, ahadi yako mpe mwenyekiti wa jumuiya yako au mhazini. Namba ya malipo imebandikwa kwenye ubao wa kanisa, na jina litakalotokea kwenye simu ni la parokia. Likitokea jina la mtu, usitume. Elfu mbili inapokelewa na risiti inaandikwa, na kila Jumapili mhazini atasoma jumla mbele ya waumini, senti kwa senti.

Kamati ya harambee, Kayenze, Ilemela