Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtaji Uliokua na Mbinu Iliyobaki Nyuma

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mnazo mkononi, na mweka hazina amekwisha kuzifafanua. Mimi nitazungumzia jambo moja lililoishughulisha kamati yenu mwaka mzima, nalo ni kwamba mfuko wetu umeizidi kimo mbinu iliyoukuza.

Tulianza kwa kununua kampuni ndogo ambazo hisa zake ziliuzwa chini ya theluthi mbili ya mali za muda mfupi (fedha taslimu, bidhaa ghalani na fedha wanazodaiwa wateja) baada ya kutoa madeni yote, kipimo alichokifundisha Benjamin Graham, mwalimu wa uwekezaji wa Marekani. Mwaka huu tulipata kampuni ya namna hiyo, yenye vitabu safi. Siku ya kwanza wauzaji walikuwa wachache. Kufikia siku ya tatu bei ilikuwa imepanda, na waliokuwa wakiipandisha ni sisi wenyewe. Tukasimama tukiwa na hisa chache kiasi kwamba hata zingepanda maradufu, hakuna mwanachama ambaye angeona tofauti katika gawio lake.

Warren Buffett, mwekezaji mashuhuri wa Marekani aliyeanza ubia wake wa uwekezaji mwaka 1956 kwa dola 105,000 hivi, alifika hapo kabla yetu. Mapema mwaka 1966 aliacha kupokea wabia wapya, akiona kwamba fedha zaidi zingedhuru matokeo, na mwaka 1969 akatangaza kuuvunja ubia wenyewe. Mwaka 1972, akisukumwa na mwenzake Charlie Munger, alinunua kampuni ya peremende ya See's Candies kwa dola milioni 25, ilhali mali zinazoshikika za kampuni hiyo, baada ya kutoa madeni, zilikuwa dola milioni 8 hivi. Kwa kipimo cha Graham, bei hiyo ni ghali mno. Lakini kampuni hiyo iliweza kupandisha bei ya peremende mwaka hadi mwaka bila wateja kuikimbia, tena bila kudai mtaji mwingi, na faida yake ikaenda kununulia biashara nyingine.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuhamie kwenye kampuni chache, kubwa na imara, tuzishikilie kwa miaka mingi, na tukubali kwamba asilimia ya faida ya miaka ya mwanzo haitarudi. Baadhi ya wajumbe wangependa pia tufunge mlango kwa wanachama wapya. Binafsi naona bado mapema, ingawa hoja yao ni nzito kuliko nilivyokiri kikaoni. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura katika mkutano mkuu, kila moja peke yake.