Kurasa zimefungiwa karanga

Chumbageni, Tanga

Salehe ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nyumbani hawajambo, mvua inanyesha mpaka kuku wamechoka. Najua nimenyamaza tangu mfungo. Ni aibu iliyonifunga mdomo, basi ngoja niitoe: kile kitabu chako cha Chester Himes, yule Mmarekani mweusi wa riwaya za upelelezi, A Rage in Harlem, kimebaki nusu.

Usipige kelele. Nilimwazimisha Bakari, siku mbili tu. Naye akakiweka juu ya kabati, na mkewe unamjua, karatasi yoyote isiyo noti kwake ni ya kufungia karanga. Nimekikuta kinaishia katikati ya sentensi! Siku tatu nimekula karanga za shemeji hadi tumbo limevimba, nafungua kikaratasi kimoja kimoja natafuta mwisho wa kisa. Nimepata kurasa mbili, zina mafuta na chumvi, na moja nilikuwa nimeshaisoma.

Basi, kwa kukosa mwisho wa kitabu nikaanza kumfuatilia mwandishi mwenyewe. Heri ningeendelea na karanga.

Unakumbuka tulivyocheka pale mwanzo wa kitabu, yule Jackson anavyoingizwa mjini na matapeli, eti noti za dola 10 zikitiwa jikoni zitatoka za 100? Ukasema wale wamesomea Kariakoo. Jiko likalipuka, pesa zikaenda. Mbele kidogo yule askari, Coffin Ed, akamwagiwa tindikali usoni. Vyote nilivipita kama vituko vya Harlem, ule mtaa wa watu weusi wa New York.

Kumbe Himes alikuwa na kaka, Joseph, aliyemzidi kidogo tu. Baba yao alikuwa akifundisha chuo cha watu weusi kule Pine Bluff, Arkansas. Hao vijana walipangiwa kuonyesha jaribio la kemia mbele ya watu, kuchanganya vitu vya baruti. Siku yenyewe Chester akamkorofisha mama yake, akaambiwa leo hupandi jukwaani. Joseph akachanganya peke yake. Ikamlipukia machoni. Wakamkimbiza hospitali ya karibu, wakarudishwa, ni ya wazungu. Himes aliandika uzeeni kwamba baba yake alikuwa analia kama mtoto, mama anapapasa ndani ya mkoba atafute leso, na yeye amekaa anaomba moyoni kiwe anachotafuta ni bastola.

Salehe, niliweka simu chini nikaenda kusimama barazani, mvua na yote.

Maisha yake mengine nakupitishia mbio. Alifukuzwa chuo kikuu cha Ohio State (na Joseph, kipofu, baadaye akachukua udaktari wa sosholojia palepale, Mungu ana yake). Mwaka 1928, akiwa na miaka 19, akakamatwa kwa uporaji wa silaha, akapewa miaka 20 hadi 25 na kazi ngumu. Humo gerezani ndimo alikoanzia kuandika. Mwaka 1930 gereza likawaka moto, wakafa wafungwa zaidi ya 300, na moto huo akauandikia hadithi iliyotoka kwenye jarida la Esquire naye bado yumo ndani. Akatoka 1936. Riwaya zake za mwanzo, zile za hasira, hazikumpa maisha Marekani, akahamia Ufaransa 1953. Huko Marcel Duhamel, aliyesimamia riwaya za upelelezi pale kwa wachapishaji Gallimard, akamwambia andika za namna hii: anza na tukio, mtu anawaza nini haituhusu, tuambie anafanya nini. Mfuko mtupu, akakubali. Kitabu kikatoka 1957, mwaka uliofuata kikapata tuzo kubwa ya Wafaransa ya riwaya za upelelezi. Ndicho hicho shemeji anachofungia karanga.

Lakini mimi bado nipo kwenye lile jiko. Mlipuko tulioucheka. Tindikali machoni. Coffin Ed na askari mwenzake, wawili wasioachana, mmoja ameharibiwa uso na mwenzake uso wake mzima. Halafu 1969 akatoa Blind Man with a Pistol, kipofu anafyatua risasi ndani ya treni. Mwenyewe alisema kisa hicho alisimuliwa na rafiki yake, sina haja ya kumbishia. Ila kipofu, na bastola, kwa mtu aliyekaa siku ile anauangalia mkoba wa mama yake...

Sijui nilitaka kusema nini. Au najua.

Idi hajambo. Juzi kanitengenezea redio, bisibisi mkono wa kushoto na redio kaibana kwa magoti, anatukana skrubu kama kawaida yake. Hakukutaja, nami sikukutaja.

Sasa niulize au nisiulize? Uliponiachia kitabu kile stendi, ulikuwa unayajua haya ya Joseph? Kwa nini ukanipa mimi na usimpe Idi, anayesoma kunizidi? Siku ile ya baruti ni kweli ulikuwa na homa, au bibi alikukataza kwenda? Mbona miaka yote hii hujatuambia? Utakuja Idi el Haji? Na huko Mwanza, wauza vitabu vya mitumba hawana nakala nyingine? Na Jackson, yule mjinga, alimpata mwanamke wake au hakumpata?

Shemeji anakusalimu. Anasema karatasi za kitabu chako ni imara, hazipenyezi mafuta, kama unacho kingine utume.

Rajabu