Barua ya wazi kwa mjomba wangu, bwana misitu mstaafu

Shikamoo, Mjomba.

Sauti uliyoituma kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mpaka mwisho. Ulisema miaka yote uliyolinda msitu hukuona hata mmoja uliopona mahali watu walipoachiwa kuingia watakavyo, na kwamba hawa Walatino ninaowasifia, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaojaza mto majiko ya mkaa na watoto, ndio watakaoumaliza mlima. Nakujibu hapa hadharani maana kundini wamegawanyika, wengine kwako na wengine kwangu, na wengi wanabishana bila kuijua habari yenyewe.

Mlima ni San Gabriel, ule unaosimama kaskazini ya Los Angeles. Takriban theluthi ya maji ya kunywa ya kaunti hutoka huko, na karibu asilimia 70 ya maeneo yake ya wazi ni milima hiyo. Picha niliyotuma kundini nilipiga East Fork, tawi moja la mto. Jumapili ya kiangazi magari hupangwa ukingoni mwa barabara mpaka usione mwisho wake. Watu wanashuka na maboksi ya barafu, nyama iliyolazwa kwenye ndimu tangu jana yake, vitunguu vya majani vinavyochomwa vizima vizima. Bibi anawekewa kiti katikati ya maji, miguu imezama, sahani mapajani. Watoto wanapanga mawe kuuziba mto wapate kidimbwi cha kuogelea.

Na hapo kwenye mawe ndipo unaponishika, kweli. Kuna samaki mdogo, Santa Ana sucker, aliyeingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa na sheria ya Marekani. Anataka maji yanayokwenda, na vidimbwi vinamharibia. Takataka nazo usiulize: Jumatatu asubuhi ukipita pale unaona haya kwa niaba ya binadamu wote.

Lakini ulipaswa kuuliza pia kwa nini wote wanasongamana pale pale. Mitaa wanakotoka haina bustani za maana. Mlima ndio kiwanja chao, ndio pwani yao. Na hao wa majiko ya mkaa hawakukaa wakisubiri serikali iwakumbuke. Mwaka 2003 Hilda Solis, mbunge wa upande huo, mtoto wa baba wa Meksiko na mama wa Nikaragua, alipitisha sheria ya kufanyia utafiti bonde la mto huo. Baadaye makanisa, vijana na watu wa afya waliungana na wanamazingira wa zamani kudai mlima upewe hadhi ya national monument, yaani ardhi ya umma inayolindwa kwa tangazo la rais. Hawakudai ukuta wala bunduki, Mjomba. Walidai vyoo, mapipa ya taka, vibao vya Kihispania, walinzi wa msitu wa kutosha na usafiri kwa wasio na gari. Tarehe 10 Oktoba 2014 Rais Obama alitia saini, ekari 346,177. Mei 2024 Biden akaongeza karibu 106,000. Rais anaweza kufanya hivyo peke yake kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1906, ilimradi ardhi iwe tayari ya serikali kuu.

Utasema wanatetea kijiwe chao cha kuchomea nyama. Basi tazama El Paso, Texas, mji ambao wakazi wake zaidi ya wanane katika kila kumi ni Walatino. Pembeni mwa mji kuna Castner Range, mteremko ambao jeshi lilikuwa likifanyia mazoezi ya mizinga kuanzia 1926 mpaka 1966. Majira ya kuchipua unafunikwa na maua ya njano. Watu wa mji wamehangaika tangu miaka ya sabini usije ukajengwa, na Machi 2023 ukapewa hadhi hiyo hiyo, ekari 6,672. Ila walipopigania mteremko huo ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mabomu ambayo hayajalipuka. Hakuna aliyewahi kuchoma hata mbavu moja pale.

New Mexico ndiyo habari ambayo ningependa uisome ukiwa umevaa miwani. Kabla ya 1848 nchi ile ilikuwa ya Meksiko, na kabla yake ya Uhispania. Vijiji vilikuwa vimepewa ardhi kwa hati, na sehemu kubwa ilikuwa ya wote: malisho, kuni, miti ya kujengea. Marekani iliposhinda vita, mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliahidi kwamba mali za watu zitaheshimiwa. Mawakili na mahakama wakafanya yao, na ardhi nyingi ya pamoja ikaishia kuwa misitu ya serikali kuu. Sisi hadithi hiyo haitushangazi. Mwaka 1959 Wamaasai waliondoka Serengeti kwa ahadi ya Ngorongoro.

Oktoba 1966 wafuasi wa Reies López Tijerina, kiongozi wa waliodai kurudishiwa ardhi za hati zile, waliingia msitu wa serikali kuu wa Carson, wakatangaza kwamba ni wao, wakawakamata mabwana misitu wawili na kuwasomea shitaka la kuingia kwenye ardhi ya watu bila ruhusa. Wenzako kabisa hao, Mjomba! Juni mwaka uliofuata wakavamia mahakama ya Tierra Amarilla kwa silaha, watu wakajeruhiwa. Mzee wa huko angekuwa na kila sababu ya kulichukia neno hifadhi mpaka kaburini.

Ndiyo maana naona 2013 ni mwaka mkubwa. Río Grande del Norte, eneo la kaskazini mwa New Mexico, ilipotangazwa kuwa national monument, ekari 242,500, waliokuwa wameiomba ni pamoja na wafugaji, warithi wa zile hati, na watu wa mifereji ya kijadi wanayoiita acequia, inayosimamiwa na wanavijiji kama ile ya Wachagga. Tangazo lenyewe limeandika wazi kwamba kuokota kuni na mbegu za msonobari kwa matumizi ya nyumbani kutaendelea. Malisho pia. Waliunga mkono hifadhi kwa sababu safari hii waliandikwa ndani yake.

Siyo kwamba yameisha. Juni 2025 seneta Mike Lee wa Utah alitaka mamilioni ya ekari za umma ziuzwe. Wawindaji, wavuvi na vyama vya Walatino wakapiga kelele pamoja mpaka akaiondoa hoja mwisho wa mwezi. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo askari wa serikali kuu, katika msako wa wahamiaji, wengine juu ya farasi, wakapita wamejihami katika bustani ya MacArthur, mtaa wa wahamiaji hapa Los Angeles, na watoto wa kambi ya likizo wakakimbizwa ndani. Niambie ardhi ya umma ina maana gani kwa mama anayeogopa kuteremka kwenye gari.

Kwa hiyo nakataa kwamba ni watu au msitu. Na ubishi wako unapingana na sheria uliyoitumikia mwenyewe: Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kujitungia taratibu za kuulinda. Uliifanyia kazi miaka mingi. Sasa nataka jibu la kitaalamu, siyo la kundi la ukoo: misitu ya vijiji uliyoikagua, ile ambayo kamati zake zilifanya kazi kweli, ilikuwa na hali gani ukilinganisha na ile mliyoilinda kwa bunduki?