Mwalimu wa piano wa Upendo, na wako pia

Kijitonyama, Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, na Baba Daudi kile kifua kimemwachia. Ujumbe wako niliusoma nikaona hili jambo halijibiki kwa simu. Umeniuliza utampataje mwalimu wa piano huko Arusha wa kumfundisha mwanao Upendo, na mwishoni, kwa mstari mmoja tu, ukauliza kama mtu mzima naye anaweza kuanza. Nitajibu yote mawili, na hilo la pili sitalipita haraka kama ulivyolipita wewe.

Nianze na Upendo. Wazazi wengi hutafuta mpigaji. Wakisikia fulani anapiga vizuri, ana vyeti, kila harusi kubwa anaitwa yeye, basi wanampelekea mtoto. Neema, kupiga ni kazi moja na kufundisha ni kazi nyingine kabisa. Mwalimu wa kwanza wa mwanangu Daudi alikuwa na vidole vya ajabu. Kila mara Daudi alipokwama, mwalimu alisogea, akaupiga wimbo wote kwa uzuri wake, akasema, "Umeona?" Daudi aliona, lakini hakujifunza. Alikariri mahali pa kuweka vidole kwa nyimbo mbili, na ukimwekea karatasi mpya mbele yake hakuwa na pa kuanzia.

Aliyefuata ni mama mmoja mpole, mwalimu wa shule mstaafu, ambaye ukimsikiliza akipiga utasema ni wa kawaida tu. Daudi akikosea, yule mama ananyamaza kidogo, kisha anamwuliza, "Hapo umesikia nini?" Mara nyingi mtoto alikuwa ameshajua mwenyewe. Basi wanachukua kile kipande kidogo kilichoharibika, nota nne au tano tu, mkono wa kushoto peke yake, polepole, kisha wa kulia, kisha yote miwili. Na kabla ya kugusa kibao chochote alikuwa anamwimbisha na kumpigisha makofi ili mapigo yaingie mwilini kwanza. Mwisho wa somo anaandika kwenye daftari: kipande hiki, mkono huu, kasi hii, kila siku. Ndani ya muda mfupi nikaanza kumsikia Daudi sebuleni akijirekebisha mwenyewe bila mtu kumwambia. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokilipia.

Kwa hiyo usimwombe mwalimu akupigie wimbo. Mwombe uketi kwenye somo la mwanafunzi wake mwingine, au mlipe somo moja la kujaribu ukiwepo wewe, na uangalie jambo moja: mtoto anapokosea, mwalimu anafanya nini? Anayepiga kelele, anayecheka, anayemchapa vidole kwa rula (wapo, na watu huwasifu eti wana nidhamu), anayechukua kinanda na kupiga yeye, wote hao waache. Ukimwona anayeuliza, anayepunguza kasi, anayekikata kigumu kuwa vipande vidogo, shika huyo hata kama anakaa mbali.

Sasa, wapi pa kumtafuta. Wewe una bahati ambayo mimi sina: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kiko hapo Usa River, kwenye barabara ya Moshi, na kinafundisha muziki hadi shahada. Chukua daladala uende mwenyewe, uulize kwenye idara ya muziki kama kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho au waliohitimu wanaofundisha piano watoto. Kijana wa namna hiyo bado ana subira, bado anakumbuka yeye alivyokwama, na bei yake si ya kutisha. Shule za kimataifa za hapo mjini nazo zina walimu wa muziki, na baadhi yao hufundisha jioni nje ya saa za kazi. Hao ni ghali zaidi, lakini wengi wamezoea watoto wadogo.

Na usimsahau mpiga kinanda wa kanisani kwenu. Najua watu wanavyowadharau. Wengi wao hupiga kwa kusikia au kwa sol-fa, yale maandishi ya do, re, mi, na hilo ni jambo kubwa: mtu anayeweza kuusikia wimbo kwaya ikiuanza na akaubeba papo hapo ana sikio ambalo wenye vyeti wengi hawana. Mwulize tu waziwazi: "Unaweza kumfundisha mtoto kusoma nota kwenye mistari mitano?" Akisema hapana, amekwambia ukweli, na bado anaweza kuwa mwalimu mzuri. Nitakwambia wa nani.

Kuhusu kile kinanda alichonunua shemeji, chenye vibao 61: kinatosha kuanzia. Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini mtoto wa miaka minane kwa mwaka wa kwanza hafiki huko pembeni. Hakikisha jambo moja tu. Ukibonyeza taratibu kinatoa sauti ndogo, na ukibonyeza kwa nguvu sauti inakua? Kama sauti ni ile ile, Upendo atajifunza vidole visivyojua kunong'ona, na baadaye ni kazi kubwa kumbadilisha. Kama kinakubali betri, ziwepo ndani, umeme ukikatika mazoezi yasikatike. Zile ngoma za kujipiga zenyewe, zile ambazo watoto wanazipenda sana, zizimwe mpaka aweze kuyabeba mapigo mwenyewe. Na umkalishe vizuri: viwiko vilingane na vibao, na kama miguu haifiki chini, weka kigoda. Mwalimu ambaye siku ya kwanza haangalii mtoto amekaaje ananitia shaka.

Ikitokea familia inahama na inauza piano ya mbao, usikimbilie kulipa. Ndani ya piano kuna nyuzi zipatazo 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15. Zikikaa muda mrefu bila kukazwa, sauti inashuka, na kuipandisha tena kunataka fundi anayejua. Huku Dar chumvi na unyevu vinazila: nyuzi zinashika kutu, mbao zinavimba, vibao vinakwama chini. Arusha hali ya hewa ni nafuu kwa chombo kama hicho, ila usikiweke dirishani kwenye jua. Mwulize mwalimu ni fundi gani anamkazia nyuzi zake na mara ngapi kwa mwaka. Mara mbili ndiyo desturi. Mwalimu mwenye piano iliyopotoka sauti, ambaye hata hasikii kwamba imepotoka, atalilea sikio la mtoto wako hivyo hivyo.

Watakuambia pia kuhusu mitihani ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanzishwa mwaka 1889. Ina gredi nane, na ukitaka kwenda gredi ya sita na kuendelea, lazima kwanza uwe umefaulu nadharia ya gredi ya tano au ile mitihani mingine wanayoikubali badala yake. Tangu 2020 wana aina ya mtihani ambao mtoto anarekodiwa video akipiga nyimbo nne, inatumwa, basi. Ni mitihani mizuri na inaheshimika. Ninachokuomba ni kwamba usianzie hapo. Kuna walimu ambao mwaka mzima mtoto anapiga nyimbo za mtihani tu, zile zile, mpaka cheti kinafika na mtoto hataki tena kukisogelea kinanda. Mwulize mwalimu, "Mbali na za mtihani, wanafunzi wako wanapiga nini?" Kama ana jibu refu lenye furaha ndani yake, vizuri.

Malipo mkubaliane mapema na muandikiane, hata kwenye simu. Nusu saa kwa wiki inamtosha Upendo. Mlipe kwa mwezi, na mpatane mtoto akiugua inakuwaje, mwalimu akisafiri inakuwaje, na kama anakuja nyumbani nauli ni ya nani. Ukichelewa kumlipa mwalimu wa muziki unamuumiza kweli, maana wengi wao hawana mshahara mwingine. Na mazoezi ya nyumbani yawe dakika kumi na tano au ishirini kila siku, saa fulani isiyobadilika. Jumamosi moja ya saa mbili haifidii wiki nzima.

Jambo la usalama nalisema bila kuzunguka. Somo lifanyikie sebuleni, mlango wazi, na mtu mzima wa nyumbani awepo karibu. Kama ni kwa mwalimu, kaa pale na ushone au usome kitabu chako. Mwalimu wa heshima hukaribisha hilo, na kabla ya kumshika mtoto mkono ili amwekee vidole, anamwambia kwanza. Anayekataa mzazi awepo, eti mtoto anakosa umakini, mshukuru na umwache siku hiyo hiyo.

Sasa wewe, Neema.

Umeandika, "Au mimi nimeshapitwa?" Hujapitwa na chochote. Nilianza nikiwa na watoto watatu, na vidole vilikuwa vigumu, na mkono wa kushoto ulikuwa unafuata wa kulia kila ulikokwenda. Hilo linakwisha. Mtoto anatushinda kwa wepesi wa vidole, lakini sisi tunajua tunachokitaka, tunaelewa tukielezwa, na hakuna anayetulazimisha kukaa pale. Wewe tena umeimba sauti ya pili miaka yote ile tukiwa Morogoro. Unakumbuka zile karatasi zetu za sol-fa, pale juu kushoto pameandikwa "Do = G"? Maandishi yale mawili tayari ni nusu ya somo la kwanza. Maana yake ni kwamba nyumbani kwa wimbo huo, yaani do yake, ni kwenye nota ya G, na ukikijua kibao cha G, basi re na mi na fa yake unaweza kuzitafuta kwa sikio ulilo nalo tayari. Mwalimu wangu alinianzishia hapo. Nyimbo za kitabu cha kanisani ambazo nilikuwa nazijua sauti zote nne, akaniambia nipige besi peke yake kwa mkono wa kushoto huku naimba alto. Nililia siku ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikia kwa mikono yangu jinsi sauti zinavyoshikana.

Kwa hiyo mwalimu wako huenda asiwe mwalimu wa Upendo. Upendo anahitaji mtu wa kumjenga tangu chini: nota, mkao, vidole. Wewe unahitaji mtu wa kuanzia pale ulipo, na mtu huyo anaweza kuwa ni yule mpiga kinanda wa kanisani kwenu. Mwambie unataka kupiga nyimbo kumi za ibada kwa mikono miwili, zitaje kwa majina, na umwulize atakupitishia njia gani. Akikuambia uache sol-fa kwanza kwa sababu si muziki wa kisomi, tafuta mwingine. Somo lako liwe dakika arobaini na tano, kwa sababu mtu mzima anauliza maswali mengi, na ni haki yake. Masomo ya mtandaoni yanawezekana pia, simu ikiwekwa juu mikono ionekane. Ila sauti huchelewa, hamuwezi kupiga pamoja, na bando linakwenda. Mimi nayatumia pale tu mwalimu anaposafiri.

Kama pesa haitoshi kwa wote wawili kwa sasa, fanyeni wiki kwa wiki, wiki hii yeye, wiki ijayo wewe, kila mmoja na mwalimu wake. Lakini usijiondoe kwenye hesabu. Nakujua, utasema Upendo kwanza, halafu Upendo atafika chuo kikuu na wewe bado unasema hivyo. Watoto wangu wanafanya mazoezi bila kusukumwa tangu waliponiona mimi mwenyewe nimekaa pale jioni nikirudia mstari mmoja.

Makumira nenda siku ya kazi asubuhi, kabla wanafunzi hawajaenda likizo. Ukipata mtu, na akiridhia, nitumie kipande cha sauti cha somo la kwanza, nikisikilize nikuambie ninavyoona. Na zile nyimbo kumi niorodheshee kwenye barua yako. Karatasi za sol-fa ninazo nyingi, nitatoa kopi na kuzituma kwa basi.

Msalimie shemeji. Upendo mwambie mama mdogo anamsubiri Desemba, na kinanda cha huku kitakuwa chake asubuhi zote.

Wako akupendaye,
Mama Daudi